Kwa Nini Mkate Huchanjwa Kabla ya Kuokwa

Katika maduka ya mikate ya Ufaransa, tendo la mwisho kabla ya donge la unga kuingia tanurini huchukua sekunde chache. Mwoka mikate hushika wembe uliopachikwa kwenye kijiti, akalichanja donge chale moja au zaidi pasipo kusita. Mtazamaji huweza kudhani kwamba chale hizo ni pambo tu. Pambo limo, lakini kazi yake ya kwanza ni ya kifizikia, na asiyeielewa huweza kupoteza kazi ya siku nzima katika dakika kumi.

Mkate unaozungumziwa hapa ni ule uumuliwao kwa chachu ya asili, yaani unga na maji vilivyoachwa vichachuke, kisha vikalishwa unga mpya mara kwa mara. Ndani ya chachu hiyo hamira za asili huishi pamoja na bakteria watengenezao asidi ya laktiki na ya asetiki. Hamira hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Protini za ngano, zikisha kulowa na kukandwa, huunda utando unaonyumbuka, uitwao gluteni, ambao huinasa gesi hiyo katika vipovu. Donge linapofinyangwa, utando wake wa nje huwambwa kama ngozi ya ngoma.

Tanuri huwa na joto la nyuzi 230 hadi 250 za sentigredi, na humo mashindano huanza. Ndani, donge hutanuka: gesi iliyonaswa, ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60, huongezeka ukubwa kwa asilimia 12 hivi, gesi iliyoyeyuka majini hutoka, maji na alkoholi hugeuka mvuke, nayo hamira huendelea na kazi mpaka iuawe na joto linalokaribia nyuzi 60. Nje, utando hukauka ukawa ganda gumu. Ganda likitangulia, mkate hubaki mdogo na mzito, au gesi hujitafutia mlango palipo dhaifu, mara nyingi ubavuni au kitakoni, na mkate ukapasuka ovyo. Chale humwezesha mwoka mikate kuchagua mahali pa mpasuko huo.

Kwa sababu hiyohiyo tanuri hutiwa mvuke mwanzoni. Mvuke huo hutua juu ya donge lililo baridi, ukageuka maji na kuufanya utando ubaki laini. Pasipo mvuke, hata chale iliyokatwa vyema hukauka kabla ya kufunguka.

Pembe ya wembe nayo ina maana. Ukilazwa kwa digrii 30 hivi, hupita chini ya utando na kuacha ukingo mwembamba ambao huinuka tanurini, ukaikinga sehemu iliyo chini yake isikauke upesi. Ukisimamishwa wima, chale hufunguka sawasawa pande zote mbili, jambo lifaalo mkate wa mviringo. Kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kawaida hutosha. Wembe ukivutwa polepole, unga hunata na kuraruka.

Mafundisho mengi hukazia mkono na wembe, ilhali jambo kubwa zaidi ni umri wa donge. Kadiri asidi inavyozidi, vimeng'enya vya unga vikatavyo protini hupata nguvu, na gluteni hulegea. Donge lililopitiliza, likichanjwa, hunywea kama mpira uliotobolewa. Afadhali lichanjwe juujuu au lisichanjwe kabisa. Donge changa, kinyume chake, lina msukumo mkubwa nalo huhitaji chale ya kina zaidi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda akauliza mbona mkate wa kawaida wa dukani hauna chale. Donge lake huokwa ndani ya kopo, ambalo huzizuia mbavu na kuacha njia ya juu tu. Tena mafuta na sukari hulilainisha, na aghalabu huachwa liumuke karibu kufikia kikomo. Hata hivyo, mkate wa kopo uliookwa kabla ya wakati wake huwa na mpasuko mrefu ubavuni, karibu na pale ulipofika ukingo wa kopo, ambapo gesi ilijifungulia yenyewe.