Salio, Mgusano na Daraja: Istilahi za Umbo la Protini

Makala haya yana nia ya kueleza istilahi chache zinazohusu umbo la protini na kupendekeza namna ya kuzisema kwa Kiswahili. Mfano mkuu tumeuchukua katika Ziwa Tanganyika, kwa kuwa samaki wa ziwa hilo wametoa ushahidi ulio wazi juu ya jambo tunalokusudia kulieleza.

Sababu ya kuandika ni swali nililoulizwa mwaloni Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma. Mwalimu mmoja wa biolojia alinionyesha maelezo aliyokuwa amewatafsiria wanafunzi wake. Kichwa chake kilikuwa "Mawasiliano ya Mabaki ya Protini". Wanafunzi, alisema, walidhani ni somo la taka za samaki zinazotupwa ufukoni. Mwalimu hakukosa juhudi wala elimu, alikosa istilahi. Kila neno alilolitumia lipo katika kamusi, lakini yote kwa pamoja yaliwapeleka wanafunzi mahali pasipohusika.

Salio

Protini, ambayo wengine huiita utomwili, ni mnyororo wa asidi amino. Asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni za aina 20. Mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka. Kwa hiyo kile kinachokaa ndani ya mnyororo si asidi amino kamili tena, bali ni asidi amino iliyopungukiwa na maji. Kitu hicho ndicho kinachohitaji jina.

Neno "mabaki" halifai, kwa sababu linabeba maana ya kitu kilichoachwa baada ya matumizi, nacho mara nyingi hutupwa. Neno "mashapo" pia halifai. Mashapo ni kile kinachotuama chini ya kimiminiko, na mtengeneza chumvi wa Uvinza anayajua vizuri. Lakini katika protini hakuna kinachotuama. Tunapendekeza neno la hesabu, yaani "salio". Chukua asidi amino, toa maji, jibu ni salio. Neno lenyewe linaeleza jinsi kitu kilivyopatikana, na hiyo ni sifa njema ya istilahi. Wingi wake uwe "masalio", usichanganywe na "masalia", ambayo ni vitu vilivyobaki kutoka zama zilizopita.

Mgusano

Mnyororo wa protini haukai umenyooka. Hujikunja na kuwa na umbo maalumu, na kazi ya protini hutegemea umbo hilo. Msomaji afikirie mvuvi wa Ujiji anayekunja kamba ya wavu ndani ya mtumbwi. Sehemu mbili za kamba ambazo ziliachana kwa pima kumi majini, sasa zinalaliana. Ndivyo ilivyo kwa masalio: yaliyo mbali katika mnyororo yaweza kuwa jirani katika umbo.

Ujirani huo tunauita "mgusano". Hauwezi kuwa "mawasiliano", kwani hapa hakuna anayepeleka habari kwa mwenzake. Wala hauwezi kuwa "kifungo", kwa sababu kifungo cha kikemia ni atomu kushirikiana elektroni. Mgusano ni ukaribu uliopimwa.

Lakini ukaribu wa kiasi gani? Hapa ndipo istilahi ya pili inapohitajika, nayo ni "kikomo cha mgusano". Wachunguzi wengi husema kwamba masalio mawili yanagusana ikiwa atomu yoyote ya salio moja, isipokuwa ya haidrojeni, iko umbali usiozidi nanomita 0.45 kutoka atomu ya jingine. Wengine hupima kati ya kaboni beta za masalio hayo na kukubali hadi nanomita 0.8. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kikomo huchaguliwa na mchunguzi. Kwa hiyo anayetangaza idadi ya migusano bila kutaja kikomo chake hajasema jambo linaloweza kuhakikishwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mahali pa kila atomu huchukuliwa katika Benki ya Data ya Protini, iliyoanzishwa mwaka 1971. Kisha kompyuta hupima umbali kati ya kila jozi ya masalio. Protini yenye masalio 348 ina jozi 60,378. Majibu huwekwa katika jedwali la mraba, lenye alama kila palipo na mgusano. Jedwali hilo liitwe "ramani ya migusano".

Daraja la chumvi

Kuna masalio yenye chaji chanya, kama lisini, na yenye chaji hasi, kama glutamati. Yakikaribiana huvutana, na mvutano huo wataalamu huuita daraja la chumvi. Katika Mkoa wa Kigoma jina hili laweza kupotosha, maana pale Uvinza watu wamepika chumvi kutokana na maji ya chemchemi kwa karne nyingi, na chumvi kwao ni kitu cha kupimwa kwa debe. Ndani ya protini hamna chumvi ya kula. Hata hivyo, tunashauri jina libaki. Punje ya chumvi ya Uvinza imeshikana kwa mvutano wa chaji chanya ya sodiamu na chaji hasi ya klorini. Mvutano ni wa namna hiyo hiyo. Mwalimu akianzia kwenye punje, mwanafunzi hatapotea.

Mfano wa samaki wa kilindini

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu kuliko pote. Nuru nyekundu humezwa na maji mapema, na kadiri mtu anavyoshuka, nuru inayosalia ni ya samawati. Samaki wa huko anaonaje?

Protini inayowezesha jicho kuona katika nuru hafifu ni rodopsini. Rodopsini ya ng'ombe, ambayo umbo lake lilichapishwa mwaka 2000, ina masalio 348, na hesabu yake hutumiwa pia kwa wanyama wengine. Ndani yake imeshikwa retinali, kitu kitokanacho na vitamini A, ambayo mwili wa binadamu waweza kuipata katika rangi nyekundu ya mawese ya Kigoma. Retinali imefungwa kwenye lisini, salio la 296, na pale ilipofungwa pana chaji chanya. Inayoikabili ni chaji hasi ya glutamati, salio la 113. Katika mnyororo masalio hayo yameachana kwa hatua 183. Katika umbo yanagusana. Nuru inapoipiga retinali, retinali hunyooka, protoni huhamia kwa glutamati, na mvutano wa chaji hizo mbili hukoma. Hapo ndipo safari ya habari ya nuru kuelekea ubongo inapoanza.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi wao juu ya samaki wa jamii moja na sato na kuhe. Waliona kwamba katika samaki wa kilindini wa Ziwa Tanganyika, na pia wa Ziwa Nyasa, salio la 292 limebadilika kutoka alanini kuwa serini, na badiliko hilo huisogeza rodopsini ipokee zaidi nuru ya samawati. Serini ina oksijeni na haidrojeni ambazo alanini haina mahali pake, nazo zimekaa karibu na ile chaji ya 296. Maziwa mawili yaliyotengana yamefikia jibu moja, kwa salio moja.

Tuzingatie kwamba 292 na 296 zimeachana kwa hatua nne tu. Zimo katika msokoto mmoja, na kila mzunguko wa msokoto una masalio 3.6 hivi, kwa hiyo hukaa karibu upande mmoja. Huu tuuite "mgusano wa karibu", na ule wa 113 na 296 "mgusano wa mbali". Maneno "mgusano wa mbali" yataonekana kupingana mpaka ielezwe kwamba umbali unahesabiwa katika mnyororo, si katika umbo. Maelezo hayo yaambatane na istilahi daima.

Hitimisho

Tumependekeza salio, mgusano, kikomo cha mgusano, ramani ya migusano, na migusano ya karibu na ya mbali; daraja la chumvi tumelihifadhi. Wasomaji wanaombwa kuyapima maneno haya darasani, si mezani tu. Mwalimu wa Kibirizi alibadili kichwa cha somo lake kikawa "Migusano ya Masalio ya Protini". Safari hii, aliniambia, wanafunzi hawakuuliza habari za taka. Waliuliza kwa nini salio la 113 halikai karibu na la 114 peke yake. Swali hilo ni la sayansi, na waliliuliza kwa Kiswahili.