Tindikali na Mawe ya Nyumbani: Kulinda na Kutengeneza Marumaru na Terazo



Katika kazi ya kukagua hesabu za vyama vya msingi, mara nyingi hati ndogo ya malipo humfunza mkaguzi jambo ambalo hati kubwa haimfunzi. Mojawapo ni hati ya "vifaa vya usafi", ambayo ndani yake huandikwa sabuni, mafagio, na mara kwa mara chupa kadhaa za asidi ya kusafishia sakafu. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo hapana mjumbe anayeiulizia mkutanoni. Lakini endapo sakafu ya ukumbi au ya nyumba ya wageni ya chama ni ya terazo, au meza ya mapokezi ina uso wa marumaru, basi fedha ya wanachama inanunua kitu cha kuharibu mali ya wanachama. Mambo hayo hayo hutukia majumbani mwetu, ambako chupa ya asidi haihitajiki hata kidogo: ndimu moja iliyokatwa na kusahauliwa usiku kucha yatosha.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina. Siku hizi madukani neno "marumaru" hutumika kwa kila kigae kinachong'aa, hata kile cha udongo uliochomwa na kupakwa kioo juu yake. Kigae cha namna hiyo hakiliwi na ndimu wala siki. Marumaru ya kweli ni jiwe lililochimbwa ardhini, nalo ni chokaa ya kale iliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi hata ikawa fuwele. Kwa lugha ya kemia ni kalsiamu kabonati. Nchini Kenya huchimbwa Kajiado, na nchini Uganda huko Moroto. Terazo nayo ni vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa sakafuni, vikasagwa na kung'arishwa. Kwa kuwa tindikali hula marumaru na hula saruji pia, terazo ina maadui pande zote mbili. Mawe ya matale hayamo katika habari hii. Hayo ni magumu zaidi na ndimu haiyadhuru.

Asiyejua nyumbani kwake kuna nini na apime hivi. Achague pembe isiyoonekana, kama vile nyuma ya mlango au chini ya ukingo wa meza, adondoshe tone moja la siki, asubiri dakika mbili au tatu, kisha afute kwa maji. Pakitokea vipovu vidogo, au mahali pale pakipoteza mng'aro, hilo ni jiwe la chokaa. Ziko aina za marumaru zenye magneziamu nyingi ambazo hutoa vipovu kwa shida, kwa hiyo aongeze jaribio la pili: ncha ya kisu, ikikwaruzwa pale pale pembeni, huacha mstari juu ya marumaru, lakini juu ya matale au kigae cha kioo huteleza tu.

Sasa tindikali hufanya nini? Inapogusana na kalsiamu kabonati, sehemu ya jiwe hugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka majini, na sehemu nyingine hutoka kama gesi, ile ile inayopanda katika chupa ya soda. Ndiyo sababu ya vipovu. Mwenye birika lenye ukoko mweupe wa maji magumu amekwisha kuliona jambo hili: hutia maji ya limau au siki, akachemsha, na ukoko ukatoka. Ukoko ule na marumaru ni kitu kimoja kwa asili. Basi dawa yoyote dukani inayosifiwa kwamba huondoa ukoko wa bafuni itaondoa na marumaru vile vile, kwani haina macho ya kubagua.

Wanachama wenzetu wa maeneo ya kahawa wana ushahidi ulio karibu zaidi. Tazameni ndani ya matangi ya saruji ya kuchachushia kahawa ambayo yametumika miaka mingi. Kuta zake zimekuwa za mchanga, na kokoto zimechomoza. Ute wa kahawa unapochacha hutoa tindikali, nayo kidogo kidogo huila saruji na kuyaacha mawe magumu yakisimama peke yake. Sakafu ya terazo inayooshwa kwa asidi hupatwa na jambo hilo hilo, ila kwa haraka zaidi.

Tuchukue hesabu kidogo. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kina tindikali ya kutosha kuyeyusha karibu nusu gramu ya marumaru. Nusu gramu ni kitu kidogo sana, lakini ikitandazwa juu ya mahali penye ukubwa wa kiganja ni tabaka jembamba kuliko karatasi, na mng'aro wa jiwe ni mwembamba kuliko tabaka hilo. Mng'aro si kitu kilichopakwa juu. Ni uso wa jiwe lenyewe uliosawazishwa hata ukarudisha nuru kama kioo. Ukishaliwa, nuru hutawanyika, na jicho huona weupe uliofifia. Ama ile asidi ya dukani, ikiwa ni haidrokloriki yenye sehemu 10 katika 100, lita moja yake yaweza kuyeyusha takriban gramu 140 za jiwe. Chama kinachomwaga lita tano kila robo mwaka na kijihesabie chenyewe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Alama iliyoachwa na ndimu huitwa doa, kisha husuguliwa kwa sabuni, kwa majivu, na mwishowe kwa limau jingine. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, kama mafuta au chai, nalo kwa kawaida huwa jeusi kuliko mahali palipolizunguka. Alama ya tindikali ni upungufu: kitu kimetoka, na mahali hapo huwa peupe na pamefifia, mara nyingi kwa umbo la duara la glasi au la matone. Hapana sabuni inayoweza kurudisha kilichotoka.

Nitataja mfano wa chama kimoja ambacho sina haja ya kukitaja jina. Ukumbi wake ulijengwa kwa terazo nzuri ya rangi ya kijivu na vipande vyeupe. Kila mwaka, juma moja kabla ya Mkutano Mkuu, sakafu ilioshwa kwa asidi ili ipendeze, na kweli kwa siku mbili tatu ilionekana nyeupe. Lakini uso uliokwisha kuliwa ni kama msasa. Hushika vumbi na matope kwa nguvu kuliko uso laini. Kwa hiyo mwaka uliofuata sakafu ilikuwa chafu zaidi, na asidi ikaongezwa. Katika hati za miaka minne niliziona chupa zikipanda kutoka mbili hadi tisa. Hatimaye Bodi ilileta ombi la fedha ya kuvunja terazo yote na kuweka vigae. Nilishauri kwamba kabla ya kuvunja chochote fundi asage mita moja ya mraba nyuma ya kabati la majalada, wanachama waione kwa macho yao. Walipoiona walikubaliana kusaga ukumbi mzima, na ombi la vigae likaondolewa. Terazo ina unene wa kusagwa zaidi ya mara moja, na mara nyingi vijana hawalijui hilo kwa sababu hawajawahi kuona ikisagwa.

Kinga yake ni rahisi, na sehemu kubwa yake ni kujua vitu vyenye uchachu. Ndimu, limau, siki, ukwaju, ubuyu, nanasi, achari, nyanya, maziwa ya mgando, mvinyo na soda za chupa vyote vina tindikali. Kwa kipimo cha pH, ambacho maji safi huwa 7 na uchachu huongezeka kadiri namba inavyoshuka, ndimu na soda nyeusi huwa karibu na 2 na nusu, na nyanya huwa zaidi kidogo ya 4. Nyanya huchukua muda, lakini ndimu haingoji. Basi kazi ya kukata ndimu na kukamua ukwaju ifanyike juu ya ubao au ndani ya sinia, na glasi zikae juu ya visahani au kitambaa kinene. Kikimwagika kitu, kikaushwe kwa kukandamiza kitambaa, si kukisambaza kwa kufuta, kisha pasuuzwe kwa maji mengi. Wako wanaoshauri kunyunyiza magadi ili kuivunja tindikali. Ni kweli magadi huivunja, lakini maji mengi hutosha, na hayo mawili hayarudishi mng'aro uliokwisha kupotea.

Kwa usafi wa kila siku tumieni maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, kisha maji safi, kisha kitambaa kikavu. Mchanga ufagiliwe kwanza, maana mchanga ni mgumu kuliko marumaru na kila hatua ya mguu huukwaruzisha. Ndugu Katibu, unaponunua dawa ya usafi soma maandishi ya chupa. Ukikuta haidrokloriki, fosforiki, sitriki au sulfamiki, chupa hiyo ni ya bakuli la choo peke yake, nayo isimwagikie sakafuni. Tena asidi isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwani hutoka gesi ya sumu ambayo katika choo kidogo chenye mlango uliofungwa yaweza kumwua mfanyakazi wetu.

Wauzaji watawaambia kwamba iko dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, na ukishaipaka hutakuwa na wasiwasi tena. Dawa hiyo ina faida yake: huzuia mafuta na chai visizame, hivyo huzuia madoa. Haizuii tindikali kuula uso wa jiwe. Anayeinunua kwa ajili ya ndimu amepoteza fedha. Nta ya sakafu husaidia kidogo kwa kuwa huliwa nta kwanza, lakini huchakaa upesi na yataka kupakwa tena na tena. Mafuta ya kupikia, ambayo wengine huyapaka ili kuficha weupe, huzama ndani na baada ya muda hugeuka rangi ya manjano. Sasa mwenye nyumba anakuwa na alama na doa pamoja.

Sasa matengenezo. Osha mahali palipoharibika, pakauke, kisha upitishe ukucha juu yake. Kama ukucha hausikii kitu, na ni mng'aro tu uliofifia, kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani. Watafute mafundi wanaochonga mawe ya makaburi au wanaokata meza za jikoni, uwaulize unga wa kung'arishia marumaru, ambao mara nyingi huwa na oksidi ya bati. Lowesha mahali, nyunyiza unga kidogo, usugue kwa kitambaa kizito kilichonyevu kwa mizunguko midogo, huku ukiongeza matone ya maji usipakaushe. Baada ya dakika chache suuza, kausha na utazame kwa ubavu dhidi ya nuru ya dirisha. Rudia hadi paungane na jirani zake. Baadhi ya unga huo umetiwa tindikali ya oksaliki, kwa hiyo fuata maelezo ya pakiti, vaa glavu za mpira, na usiuache ukauke juu ya jiwe.

Ukucha ukisikia ukwaruzi au shimo, unga peke yake hautoshi. Hapo hutumika msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi wa magari. Funga msasa namba 400 kwenye kipande cha mbao bapa, lowesha, usugue hadi alama ya tindikali itoweke. Suuza kabisa, kisha shika namba 800, halafu 1200, halafu 2000, na mwisho unga. Kila namba isugue kwa kukatisha mwelekeo wa namba iliyotangulia, nawe usiiache hadi mikwaruzo ya namba ya kwanza iwe imekwisha. Siri ya kazi yote ni hiyo. Anayeruka namba moja kwa haraka atalazimika kurudi mwanzo. Pia sugua eneo pana kuliko alama yenyewe, la sivyo utachimba kibonde kitakachoonekana kila taa ikiwashwa. Maji yasikosekane, maana vumbi kavu la saruji na mchanga huharibu mapafu. Jaribu kwanza pembeni. Na kama uso wa asili haukuwa wa kung'aa kama kioo, usiung'arishe zaidi ya jirani zake. Simama pale utakapolingana nao.

Sakafu nzima, ngazi za nje, au meza iliyochimbika sana ni kazi ya fundi mwenye mashine. Chama kinapomwita, mkataba utaje mita za mraba, utaje kwamba atasaga kwa maji, na kwamba ataanza na mita moja ya mfano ambayo Bodi itaiona na kuikubali kabla ya malipo yoyote. Fundi anayekataa sharti hilo aachwe. Baada ya kazi, makabidhiano yaandikwe, na mhudumu wa usafi awepo siku hiyo aoneshwe sabuni atakayotumia, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi na sakafu hiyo.

Bado kuna makaburi. Familia nyingi huweka jiwe la marumaru lenye jina na tarehe, na kila mwaka huenda kulisafisha. Mvua yenyewe ina uchachu kidogo, nayo kwa miaka mingi hufifisha herufi. Jambo hilo hatuwezi kulizuia kabisa. Kijani cha kuvu kilichoota juu yake hutoka kwa maji, brashi laini ya nyuzi za mmea na subira. Asidi hukitoa kwa dakika moja, ikaondoka na ukingo wa herufi.