Kompyuta ya Ofisi ya Tawi: Je, Linux Yafaa kwa Kazi Zetu?



Siku hizi orodha ya wanachama, hesabu za ada na barua za madai kwa mwajiri hutunzwa ndani ya kompyuta. Kumbukumbu hizo zikipotea, mfanyakazi aliyefukuzwa kazi aweza kukosa ushahidi kwamba alilipa ada yake. Kwa hiyo jambo hili si la makarani peke yao. Lamhusu kila mwanachama, awe wa kiwanda cha saruji huko Hima, wa kinu cha pamba au kibarua wa mashambani Mubuku.

Ofisi nyingi zina kompyuta kuukuu za Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama wa programu hiyo, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi rasmi kutumia Windows 11. Je, fedha za ada zinunue kompyuta mpya, au iko njia nyingine?

LINUX NI NINI?

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha, kama vile injini inavyozungusha mikanda yote ya kinu. Windows ni mojawapo. Linux ni nyingine. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Kila mtu ana ruhusa ya kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenzake bila kulipia leseni.

Tena si kitu kigeni kwetu. Simu za Android tunazopokelea fedha zina kiini cha Linux. Ubuntu, ambayo ni Linux ya kompyuta, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

INAFANYA NINI, NA INAKWAMA WAPI?

Kuandika barua, kupiga hesabu, kusoma barua pepe na kufungua tovuti: kazi hizi zote Linux inazimudu. Kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huweza kutumia Linux Mint vizuri. Virusi vingi vinavyosambazwa kwa flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hivyo havipati nafasi.

Lakini tusidanganyane. Fomu za Excel zenye amri zinazojiendesha zenyewe mara nyingi hukwama katika LibreOffice. Baadhi ya printa hukataa kufanya kazi. Programu ya mishahara iliyoandikwa kwa Windows pekee huenda isifunguke. Na karani wa Bwera au Mpondwe akikwama, sharti awepo fundi wa karibu anayeijua Linux. Kitu cha bure kisicho na fundi chaweza kuwa ghali.

TUFANYE NINI?

1. Nakili kumbukumbu zote kwenye diski mbili, zihifadhiwe mahali tofauti, kabla ya kugusa chochote.

2. Jaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kufuta Windows. Chapisha risiti moja, fungua daftari la ada, jaza fomu mnayoijaza kila mwezi.

3. Ikifaa, anzeni na kompyuta moja. Kama kuna fomu inayodai Windows, iachieni kompyuta moja iliyo salama.

4. Wafundisheni watu wawili, si mmoja, ili mmoja akihama kazi isisimame.

Jibu basi ni hili: kwa kazi nyingi za ofisi ya tawi, Linux iko tayari. Linalobaki ni sisi kuwa tayari. Kamati ya tawi ifanye jaribio hili na kutoa taarifa mbele ya mkutano wa wanachama kabla shilingi yoyote ya ada haijatumika kununua kompyuta mpya.