Je, Wajua? Benga Ilivyokutana na Roki

Je, wajua kwamba wanamuziki wa benga na wanaroki wa Washington waliwahi kuunda bendi moja?

Ian Eagleson na Alex Minoff walitoka katika bendi ya roki ya Golden. Eagleson alikuja Kenya kuitafiti benga, muziki unaopendwa mno Migori na Homa Bay, akakutana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa. Majina ya bendi hizo mbili yakaunganishwa: Extra Golden.

Albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, ilirekodiwa Nairobi mwaka 2004. Uzuri wake ni kwamba roki haikuimeza benga. Gitaa la solo bado linakimbia na kucheka. Inauma kwamba Otieno alifariki 2005, kabla albamu haijatoka mwaka uliofuata.

Mwanamuziki wa benga Opiyo Bilongo alijiunga nao. Mwaka 2006 walialikwa kwenye tamasha Chicago, viza zikasumbua, hadi ofisi ya seneta Barack Obama ilipowasaidia. Walimshukuru kwa wimbo "Obama" katika albamu ya Hera Ma Nono (2007). Na babu wa seneta huyo? Alitoka eneo la Kendu Bay, Homa Bay!