Baridi ya Mto Isituibie Watoto

Wakati wa likizo watoto wetu hupenda kuogelea mtoni. Sisi wazazi tunaogopa kina na mamba, lakini baridi ya maji tunaisahau.

Bahari ya Mombasa ni vuguvugu mwaka mzima, yapata digrii 25 hadi 29. Lakini mito kama Thiba na Sagana hutoka Mlima Kenya. Huko juu karibu na msitu maji ni baridi sana, hata jua likiwaka namna gani.

Mtu akiruka ghafla katika maji ya chini ya digrii 15, mwili hushtuka. Anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kama kichwa kimezama, anavuta maji badala ya hewa. Hata anayejua sana kuogelea anaweza kufa hivyo. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja au mbili.

Kwa hivyo tuwafundishe watoto:

1. Wasiruke. Waingie polepole, mahali wanapofikia chini.
2. Mtu akianguka, asipigane na maji. Alale chali, aelee mpaka pumzi itulie, ndipo aite au aogelee.
3. Mwenzake asimrukie. Amtupie kamba au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko.
4. Akitolewa, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi.

Je, kikundi chenu hakiwezi kuweka kamba na mtungi pale mnapochota maji? Gharama yake ni ndogo kuliko ya matanga.