Mafua ya darasani, kichomi cha nyumbani

Muulize mzazi yeyote watoto wake huanza kupiga chafya lini. Atakwambia: shule zikifunguliwa tu. Wala hajakosea. Mwaka 1982 Paul Fine na Jacqueline Clarkson walichambua takwimu za surua za England na Wales, za miaka ya kabla ya chanjo, wakaona maambukizi yanashika kasi muhula unapoanza na kupungua wakati wa likizo. Surua ilikuwa inafuata kengele ya shule.

Sasa swali: kwa nini shule, na si soko au stendi, ambako nako watu wanabanana?

Tofauti iko kwenye namna ya kukutana. Sokoni unapishana na watu mia, kila mmoja sekunde chache, na wengi wao kesho huwaoni. Darasani unakaa dawati moja na mtu yuleyule saa kadhaa, mnaazimana kalamu, mnamegeana andazi, na kesho mnarudia. Kirusi kinachosambaa kwa matone ya kikohozi na kwa mikono yenye kamasi hakihitaji zaidi ya hapo.

Kukutana huko kunaweza kupimwa, tena kwa undani wa kushangaza. Oktoba 2009, katika shule moja ya msingi mjini Lyon, Ufaransa, watafiti waliwavisha wanafunzi 232 na walimu 10 beji zenye vifaa vidogo vya redio. Watu wawili wakisogeleana uso kwa uso, umbali wa kama mita moja hadi moja na nusu, beji zinarekodi. Baada ya siku mbili ikaonekana kwamba kwa wastani kila mtoto hukutana na wenzake mara 323 kwa siku, na hao wenzake ni watoto 47 tofauti. Ukijumlisha muda wote unapata dakika 176.

Hebu tazama hiyo 47. Shule ilikuwa na madarasa kumi, kwa hiyo darasa moja lina watoto kama 23 hivi. Hao wengine wametoka wapi? Uwanjani na kwenye chakula cha mchana. Muda mwingi mtoto alikuwa na wa darasa lake, ila mapumziko ndiyo yaliyoyaunganisha madarasa. Na hapo ujue kwamba uwanja wa shule ile ulikuwa mdogo, kwa hiyo yalitoka madarasa mawili au matatu tu kwa wakati mmoja. Shule nyingi za kwetu, kengele ikilia, wanamwagika wote.

Tuje nyumbani, Kilifi, pwani ya Kenya. Huko watafiti hawakutumia beji, walitumia shajara: mtu anaandika kila aliyegusana naye kwa siku nzima, na asiyejua kuandika anawekewa utaratibu wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wastani wa watu wote ulikuwa 17.7 kwa siku. Watoto wa umri wa shule ya msingi, miaka 6 hadi 15, ndio walioongoza: 20.1, na sehemu kubwa ni wa rika lao. Watoto wachanga walikuwa wa mwisho, ingawa nao walifikia 13.9. Ukijua mtoto wa pwani anavyopokezanwa mikononi, na mashangazi, na majirani, hushangai.

Basi weka picha hizi mbili pamoja. Kaya mbili zilizo mbali, ambazo wazazi wake hata hawajuani, zinaunganishwa na watoto wawili wa dawati moja. Jioni kila mmoja anarudi kwao, anamkuta mdogo wake, anambeba. Shule inazichanganya kaya. Kaka na dada ndio daraja.

Hii si nadharia tupu. Kuna kirusi kinaitwa RSV. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni mafua tu, anafuta kamasi na kuendelea na mpira. Kwa mtoto wa miezi miwili kinaweza kuwa kichomi kikali, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, na duniani ni miongoni mwa sababu kuu za watoto wachanga kulazwa. Hukohuko Kilifi, mwaka 2009 hadi 2010, watafiti walizifuatilia kaya 47 zenye watoto wachanga, wakichukua sampuli za puani mara kwa mara, za wagonjwa na wazima. Kwa wachanga 15 ilibainika kuwa maambukizi yalitoka ndani ya kaya yenyewe. Kati yao, 11 walitanguliwa na mtoto mkubwa wa nyumba hiyo. Kumi kati ya watoto hao wakubwa walikuwa wanasoma shule.

Je, tufunge shule? Mwaka 2020 tuliona gharama yake, sihitaji kukukumbusha. Takwimu za Lyon zilitumiwa baadaye kujaribu jambo hilo kwenye kompyuta, kwa ugonjwa wa aina ya mafua makali. Kufunga darasa lenye wagonjwa pamoja na mkondo mwenzake kulizuia maambukizi karibu sawa na kufunga shule nzima, kwa siku chache zaidi za masomo zilizopotea. Kupanga zamu za mapumziko nako kunafuata mantiki hiyohiyo, na hakuhitaji bajeti, labda mwalimu wa zamu mwenye subira.

Ila matokeo hayo ya kompyuta yanahesabu maambukizi ya shuleni, na mimi naona hesabu inabaki nusu. Darasa likifungwa, mwenye mafua anaenda wapi? Anaenda nyumbani. Mama yuko shamba au kwenye biashara, na anayeachiwa mtoto mchanga mchana kutwa ni huyohuyo wa darasa la tatu. Kwa hiyo tangazo la kufunga darasa lingepaswa kuwa na mstari mmoja zaidi kwa wazazi: kama kuna mchanga ndani, wiki hii abebwe na mtu mwingine.