Mtoto mwenye ualbino: jeni hutoka kwa baba na mama

Msikilizaji, kuna swali linalorudi kila tunapozungumzia ualbino: baba mweusi, mama mweusi, mtoto huyu katoka wapi? Na mara nyingi anayeulizwa ni mama peke yake.

Kwa familia nyingi hapa Tanzania, jibu liko kwenye jeni iitwayo OCA2. Jeni ni maelekezo ya mwili ya kutengeneza protini. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. OCA2 hutengeneza protini P, ambayo hadi leo wanasayansi hawajamaliza kuielewa. Inaonekana hupunguza ukali wa asidi kwenye vifuko vidogo ndani ya seli, mahali rangi ya ngozi, nywele na macho inapotengenezwa. Protini hiyo ikikosekana, rangi haitoshi.

Mwaka 1995 watafiti walichapisha vipimo vya Watanzania wenye ualbino. Wengi walikuwa na hitilafu ileile: kipande cha OCA2, herufi kama 2,700, hakipo. Basi. Hakuna kitu cha ziada mwilini mwao, kuna kilichopungua. Anayedai viungo vyao vinaleta utajiri anauza uongo, na uongo huo umeua watu nchini mwetu.

Mwenye nakala moja yenye hitilafu haonyeshi dalili yoyote, kwa sababu nakala nzima inatosha. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 nchini ana ualbino. Ukipiga hesabu, wanaobeba nakala moja ni kama 1 kati ya 19. Yaani kwenye Kosta iliyojaa kutoka Mlowo kwenda Tunduma, huenda yumo mmoja au wawili, na hawajijui. Wawili wa namna hiyo wakizaa pamoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ualbino. Kila mimba, siyo mtoto wa nne. Baba anayemfukuza mkewe asahau laana na uzinzi: nusu ya jambo hili imetoka kwake.

Cha kuangalia ni jua na macho. Baridi yetu ya Mbozi inadanganya, maana huku juu miale ni mikali hata kama husikii joto. Mtoto akienda kwenye kahawa avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua. KCMC Moshi wamewahi kutengeneza ya kwao, yanaitwa Kilisun. Kidonda cha ngozi kisichopona kiwahishwe hospitali. Na darasani mwombeeni kwa mwalimu akae mbele, karibu na ubao.